Magugu Hayazikwi Yakiwa Hai

Kwa Ester na Neema, mlioshika bustani baada yangu.

Siku ya Alhamisi, tarehe 30 Juni 1960, saa tisa alasiri, niliwakabidhi ufunguo wa banda la vifaa, nanyi mkaniuliza swali ninaloulizwa na kila anayeingia bustani ile: sangari, lile gugu sugu, ilikwenda wapi? Nikawajibu kwamba iko chini ya kabichi. Mkacheka, mkidhani ni utani wa mtu anayestaafu. Haukuwa utani. Sangari yote na ndago yote iliyopata kuota katika nusu eka ile imo ndani ya udongo mnaoukanyaga, imegeuka mboji, imeliwa na kabichi, na kabichi zimeliwa na wasichana wa bweni ambao baadhi yao sasa ni wauguzi na walimu. Habari ya jinsi ilivyogeuka haikutosha kuelezwa mlangoni. Sasa nina daftari, nina kalamu na, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili na nusu, nina asubuhi zisizo na kengele.

Juu ya mshahara sitaandika. Ulikuja na ukaenda. Juu ya vyeo pia sina la kusema, maana niliingia nikiitwa Mama Bustani na nimetoka nikiitwa Mama Bustani.

Mtaona ninataja tarehe mara nyingi. Mwaka niliozaliwa siujui. Mama alisema tu kwamba ilikuwa baada ya vita vya Majimaji, njaa ikiwa bado haijaondoka mlangoni. Kwa sababu tarehe ile ya kwanza ilinipotea, nimezishika kwa nguvu zote zilizofuata. Niliingia darasani Februari 1945, nikiwa mjane wa miezi saba, mama wa binti aliyekwisha kuolewa, nikaketi benchi moja na watoto walioanza kung'oka meno ya mbele. Kila asubuhi jambo la kwanza mwalimu kuandika ubaoni lilikuwa tarehe. Hivyo nilijua kuandika tarehe kabla sijajua kuandika jina la marehemu mume wangu, Yoeli. Kitu ulichokipata ukiwa mtu mzima hukichezei.

Nilifika Njombe kutoka Lyamkena, karibu na Makambako, juu ya lori la magunia, nikaripoti kazini siku ya Jumatatu, tarehe 5 Januari 1948. Huko Lyamkena nilikuwa nikikaa kwa shemeji yangu, mtu mkarimu sana kwa wageni, ambaye alikuwa amekwisha kunieleza kwamba shamba la Yoeli limerudi kwa ukoo, na kwamba mahali pangu ni pembeni ya moto wa mkewe. Sikugombana naye. Nilipopata habari kwamba shule ya wasichana inatafuta mtunza bustani anayejua kusoma vibandiko vya mbegu, nilifunga khanga mbili na daftari langu, nikaondoka.

Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Mligo, mwalimu wa kilimo, mtu mwembamba aliyevaa koti la sufu mwaka mzima.

"Kamwene, Mama Rehema," akanisalimu.

"Kamwene, Mwalimu. Bustani iko wapi?"

"Umesimama ndani yake."

Nikatazama chini. Majani yalinifika magotini. Nilikuwa nimedhani ni malisho.

"Wanaume wanne wamekutangulia hapa," akasema. "Mmoja wao alikuwa askari, amepigana Abisinia akarudi mzima. Sangari ilimshinda kwa miezi mitatu."

"Mimi sikupigana Abisinia," nikamjibu, "lakini nimeishi na mke wa shemeji yangu."

Hakucheka, Mwalimu Mligo alikuwa akicheka kesho yake. Akanieleza jambo ambalo lilikaa kifuani mwangu kwa miezi ishirini na miwili iliyofuata. Halmashauri ya shule ilikuwa imechoka. Kama nusu eka ile isingekuwa safi ifikapo mwisho wa Oktoba mwaka unaofuata, ingepandwa miwati, kama watu wengi walivyokuwa wakipanda wakati ule. Miwati haipaliliwi, na magome yake yana wanunuzi.

"Na mimi?" nikauliza.

"Mti wa muwati, Mama, hautunzwi na mtu."

Basi nikajua. Sangari ikibaki, mimi narudi Lyamkena, pembeni ya moto. Sangari ikiondoka, mimi nabaki.

Nanyi mnaijua sangari katika mashamba ya watu wengine, lakini hamjaiona ikiwa mwenye nyumba. Juu ni jani dogo tu, lenye adabu. Chini ni kamba nyeupe, yenye vifundo kama mnyororo, inayopita chini ya njia, chini ya mawe, hata katikati ya kiazi na kutokea upande wa pili. Kila kifundo ni jicho, na kila jicho ni mmea mpya. Ndago nayo ni ya ukoo mwingine: ina punje nyeusi ngumu kama shanga, zimefuatana ardhini kwa uzi mwembamba. Ukivuta jani, uzi unakatika, shanga inabaki, inakungoja ugeuke.

Wale wanaume wanne walikuwa wamelima kwa jembe, kwa bidii, na ndilo lililokuwa kosa lao. Jembe hukata kamba ya sangari vipande kumi, na kila kipande kinashukuru. Katika banda nilikuta uma wa bustani wenye meno manne, umeota kutu, umegeuzwa na kuku kitulio cha kulalia. Sikuwahi kushika kitu cha namna ile. Nikausugua kwa mchanga, nikajifunza kuusukuma kwa mguu, kuinua udongo bila kuukata, kisha kupiga magoti na kuichomoa kamba nzima kwa mkono, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Siku ya kwanza nilimaliza eneo la mkeka mmoja. Uma huo ndio mliokabidhiwa. Mpini wake ni wa tatu. Meno ni yale yale.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana mtu anayeandika ushindi wake peke yake anawapotezea muda wasomaji.

Kila kilichong'olewa nilikilundika kuwa biwi nyuma ya banda: mizizi, majani, mavi ya ng'ombe, majivu ya jikoni. Mwalimu Mligo alikuwa na kitabu kilichosema kwamba biwi lililopangwa vizuri hupata joto hata mkono hauvumilii ndani yake, na joto hilo huua kila mzizi. Kitabu kilikuwa kimeandikwa na mtu wa nchi nyingine, au walau wa Julai nyingine. Mnaijua Julai ya Njombe, umande ukiganda juu ya majani asubuhi. Nilipoingiza mkono katika biwi langu, lilikuwa na baridi kama pua ya mbwa.

Hata hivyo, nilipolifungua mwezi wa Agosti, nje lilikuwa jeusi na lilinukia kama msitu. Nilifurahi kupita kiasi. Miezi saba nilikuwa mgeni pale Mjimwema, mtaa wa shule yetu, mjane kutoka Lyamkena asiyejulikana ukoo, na sasa nilikuwa na kitu cha kuwapa watu. Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1948, nilishuka bondeni na vikapu sita vya mbolea, nikawagawia wanawake watatu wenye vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Nilitembea kichwa juu. Mmoja wao, Mama Tumaini, alikuwa na vitunguu vizuri kuliko wote, kwa hiyo nikampa vikapu vitatu. Kumbukeni hilo: kwa sababu alikuwa na vitunguu vizuri.

Jumamosi ya tarehe 25 Septemba, asubuhi, Mama Tumaini alikuja mlangoni pangu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyozoea kuvuka bonde. Kichwani alibeba kikapu changu mwenyewe. Akakitua miguuni pangu taratibu, kama mtu anayetua maji.

"Kamwene, mama wa mbolea."

"Kamwene, Mama Tumaini. Umeniletea vitunguu?"

"Nimekuletea watoto wako."

Kikapu kilikuwa kimejaa machipukizi ya sangari, meupe chini, kijani juu, yenye afya nzuri sana. Sijawahi kuona sangari iliyolishwa vizuri kama ile.

Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya pale haipasuki, ina mizizi mingi mno. Nikasema nitanunua vitunguu vyote vilivyoharibika. Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Nani amezungumza habari ya kununua? Wewe hujui desturi ya bonde hili? Anayevusha magugu huyafuata kwa jembe lake. Jumamosi ijayo, jua likitoka. Na uje na togwa."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wenye vinyungu wale. Magugu yako yakivuka mpaka, hakuna faini wala baraza. Unakwenda mwenyewe, unapalilia shamba la mwenzako mpaka aseme basi, na mwenye shamba haruhusiwi kushika jembe. Kazi yake ni kukaa kandokando, kunywa togwa yako na kukusema. Nilikwenda Jumamosi kumi na moja, kuanzia tarehe 2 Oktoba hadi tarehe 11 Desemba 1948, nikizungukia matuta ya wale watatu. Sikubeba jembe, nilibeba uma wangu, na hilo nalo likawa jambo la kusemwa.

"Jamani, mwoneni, anakula udongo kwa uma kama Mzungu!"

"Mama Rehema, huyo uliyemtoa sasa ni wa kwanza wako au wa mwisho?"

"Wa mwisho bado, shoga. Bado yuko tumboni."

Nilicheka pamoja nao, kwanza kwa kujilazimisha, baadaye kwa kweli. Tarehe 2 Oktoba niliingia bonde lile nikiwa mgeni aliyeharibu vitunguu. Kufikia Novemba nilikuwa nafahamu nani anaumwa mgongo, nani ameposwa, na nani anatia maji katika ulanzi, pombe ya mianzi, anaouza. Vikapu sita vya mbolea njema visingalinipa hayo.

Ni huko nilikompata mwalimu wangu. Mama mkwe wa Mama Tumaini, Bibi Chaula, alikuwa Mkinga kutoka Makete, kizee mdogo aliyekaa juu ya jiwe akiota jua, akifumba jicho moja. Jumamosi tatu za kwanza alinitazama tu. Ya nne, aliniita.

"Wewe unayetoka upande wa Makambako. Kwenu mtu huzikwa lini?"

"Akishakufa, Bibi."

"Basi mbona hawa umewazika wazima?"

Mama Tumaini alicheka hata akamwaga togwa. Lakini kizee hakuwa anatania. Alichukua kamba moja ya sangari mkononi mwangu, akaikunja. Ikapinda kama uzi, haikukatika.

"Hii inakudanganya," akasema. "Weka juu ya jiwe. Iache ione jua, ione umande, ione jua tena. Siku ukiikunja ikalia *ka!* kama kijiti, hapo imekufa. Ndipo uizike, itakushukuru. Ikipinda, ngoja. Kwetu milimani shamba limesimama kama ukuta. Tukitupa gugu, linamwangukia wa chini kichwani. Kwa hiyo tumejifunza kuua kwanza."

Nikauliza: na masika, wakati jua halipo?

"Kisichokufa kwa jua kizamishe."

Hiyo ndiyo elimu yote ya kazi yangu, Ester na Neema. Yaliyobaki ni daftari.

Daftari, hata hivyo, halikuwa jambo dogo. Bibi Chaula alijua kwa vidole. Mimi vidole vyangu vilikuwa bado wanafunzi, kwa hiyo niliandika. Nilianika sangari juu ya mwamba ulio kona ya mashariki, safu moja, isirundikwe, nikaandika tarehe ya kuanika na tarehe ya kulia *ka*. Oktoba, siku saba zatosha. Mei, kumi na nne. Juni na Julai, kwa sababu ya baridi na umande, siku ishirini na moja, wala msiniambie mna haraka. Ndago haianikwi, shanga zile zinaweza kukaa juu ya mwamba kiangazi kizima na kuamka mvua ya kwanza kama aliyesinzia kanisani. Ndago niliitia ndani ya pipa la petroli lililojazwa maji, nikaikandamiza kwa jiwe ili isielee. Baada ya wiki tatu nilitoa kiganja cha punje, nikakiotesha katika chungu cha udongo karibu na moto wangu: zikachipua. Wiki sita: zikachipua mbili. Wiki tisa: kimya. Nikangoja wiki tatu nyingine, maana kimya cha ndago si cha kuaminiwa upesi. Kimya. Nikaandika tisa, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Chungu kile cha kujaribia ndicho nawasihi msikiache. Hakuna mboji inayotoka katika bustani ile kabla kiganja chake hakijakaa chunguni karibu na moto wiki tatu. Hata ikiombwa na Mchungaji.

Nimemtaja Mchungaji, na ni lazima niseme habari ya harufu. Maji yaliyolaza ndago wiki tisa yana harufu isiyo na mfano katika Maandiko. Wasichana walipita pale wameziba pua kwa vitambaa, na darasa lililokuwa karibu lilihamishwa likafundishiwe upande wa pili. Mchungaji, aliyekuwa katika halmashauri ya shule, alikuja mwenyewe kuona. Akasimama upande wa upepo mwema, akachungulia pipa.

"Mama Rehema, hawa unawafanya nini?"

"Nawabatiza, Mchungaji."

"Kwetu Walutheri maji kidogo kichwani yanatosha."

"Hawa wana dhambi kubwa, Mchungaji. Nimejaribu kidogo, wakarudia."

Akaondoka akitikisa mabega. Pipa halikuondolewa. Maji yake, mkiyachanganya na maji safi, kipimo kimoja kwa kumi, ni chakula cha kabichi kilicho bora. Ila msinyunyizie siku ya wageni.

Mwalimu Mligo alinishauri mara mbili nichome vyote moto. Alisema kwa wema, alikuwa akihesabu miezi. Lakini udongo ule ulikuwa mwekundu na wenye njaa; nguvu yake yote ilikuwa imeingia katika ile mizizi. Kuichoma kungekuwa kama kumkamata mwizi na kuteketeza mali aliyoiba. Mimi nilitaka mali irudi.

Oktoba 1949 ilipofika, matuta kumi na tisa kati ya ishirini yalikuwa safi. La ishirini, lile la chini kabisa karibu na uzio, lilikuwa bado. Mpishi wa shule, aliyenitakia mema, aliniambia nihamishie miche ya kabichi pale, niishindilie vizuri, nani atachimbua kabichi? Nilikaa na shauri hilo siku mbili. Nilikuwa nimewahi kufunika sangari mara moja na kuigawa kwa furaha. Nikakataa.

Jumatatu, tarehe 31 Oktoba 1949, halmashauri ilikuja watu watatu: Mchungaji, Mwalimu Mligo, na mzee mmoja wa kanisa aliyependa miti. Miche ya miwati ilikuwa tayari kando ya uzio, katika makopo, imemwagiliwa asubuhi ile. Niliwatembeza tuta kwa tuta. Mwalimu Mligo alichimbua kwa uma huku na huku, akatoa udongo mweusi na minyoo. Tulipofika la mwisho nikasimama.

"Hili bado," nikasema. "Lina sangari. Nahitaji mpaka masika yaishe."

Mwalimu Mligo akatazama viatu vyake.

"Muda uliopewa ni leo," akasema yule mzee wa kanisa. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa kutimiza alilosema. Akaligeukia biwi. "Na mbolea hii, si ndiyo ile iliyopeleka magugu bondeni mwaka jana? Umeondoa sangari matutani, ukaiweka hapa. Mwakani itarudi. Kwa nini tungoje?"

Nilifungua daftari langu. Nilianza kusoma: tarehe ya kuanika, tarehe ya kuvunjika, tarehe ya kuzamisha. Naye akasikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza orodha ya matangazo ibada ikiwa imekwisha. Niliona kwamba tarehe zangu zilikuwa za kweli na hazikuwa zikinisaidia. Yalikuwa maneno yangu juu ya kazi yangu.

Ndipo ikasikika sauti ile iliyozoea kuvuka bonde.

"Hodi wazee! Nimechelewa, nilikuwa napanda mlima."

Mama Tumaini aliingia langoni na chungu kichwani. Ndani ya chungu mlikuwa na udongo mweusi na mmea mmoja wa maharage, umeanza kuchanua. Nilikuwa nimempa mboji ile tarehe 10 Septemba, kiganja tu, akaijaribu mwenyewe nyumbani kwake, maana alikuwa ameapa hataamini tena mboji yangu kwa maneno. Tangu siku hiyo hakuwa ameniambia lolote. Nami, kwa kiburi changu, sikuuliza.

"Wewe ni nani, Mama?" mzee akamwuliza.

"Mimi ndiye niliyeumwa. Vitunguu vilivyoharibika ni vyangu. Kama mnataka kujua nyoka yuko hai au amekufa, mwulizeni aliyeumwa."

Akakitua chungu mbele ya yule mzee. "Siku hamsini na moja karibu na moto wangu, nakimwagilia kama mtoto mchanga. Nilimngoja sangari kwa hamu, wazee, nije nimtupie huyu mama usoni. Hakuja. Tafuta mwenyewe."

Mzee wa kanisa alikunja mkono wa koti. Akaingiza vidole chunguni, akapekua mpaka chini, akatoa mkono ukiwa mweusi mpaka kwenye saa yake ya mkononi. Hakupata kamba nyeupe. Alichopata ni mzizi wa maharage, nao ulitoka pamoja na maharage yenyewe.

"Mzee," Mchungaji akasema, "umeng'oa maharage ya mama wa watu."

Mzee akautazama mmea mkononi mwake. Kisha mzee akaanza kucheka, akiwa ameshika ule mmea kama mtu aliyeletewa maua asijue pa kuyaweka.

"Sasa mimi nafidiwa nini?" Mama Tumaini akauliza.

"Mbolea kikapu kimoja," nikasema.

"Viwili. Na safari hii sichagui kwa macho. Nachagua kilichokaa chunguni."

Wale wanawake wengine wawili walikuwa tayari nje ya uzio na vikapu vyao vitupu, nilikuwa sijawaona. Mzee aliwatazama, akatazama vikapu, akafuta mkono wake kwa majani. Akasema watu waliokwisha kuumwa wakija tena na vikapu, hana neno. Nikapewa mpaka masika yaishe. Miche ya miwati ilipandwa ng'ambo ya barabara, ikastawi vizuri sana, nami tangu mwaka 1953 nimekuwa nikikata huko fito za kupandishia njegere. Tuta la ishirini lilikuwa safi Aprili 1950. Mwalimu Mligo alicheka ule mzaha wangu wa mke wa shemeji siku hiyohiyo, tukiwa tunaosha vifaa. Nilikuwa nimekosea, hakuwa akicheka kesho yake, alikuwa akicheka mwaka wa tatu.

Mwaka 1954, kuanzia Machi hadi Oktoba, nilitumwa Makambako kuanzisha bustani kama yetu. Kule kuna upepo na joto zaidi, udongo wake ni mwepesi, na sangari iliyoanikwa Julai ililia *ka* siku ya tisa. Ni lazima kila mahali muanze daftari jipya. Langu la Njombe lilinipotosha wiki mbili. Siku moja shemeji yangu alikuja kutoka Lyamkena, amevaa kofia mpya. Alizunguka bustani, akasifu kabichi, akakohoa.

"Shemeji, lile shamba la marehemu siku hizi limejaa sangari. Nimesikia wewe unayo dawa."

"Dawa ipo, shemeji. Ni uma, magoti na mwamba."

"Magoti ya nani?"

"Ya mwenye shamba."

Nilimpa vikapu viwili vya mboji na uma wa kuazima. Uma aliurudisha, umenyooka na safi kabisa, hata mno. Lakini mkewe, ambaye nilimsema vibaya mbele ya Mwalimu Mligo miaka sita kabla, ndiye aliyekuja kuuazima tena, naye aliurudisha meno yakiwa yamechakaa. Shamba la Yoeli lilisafishwa na yeye. Nilikwenda kulitazama, nikashukuru, nikapanda lori kurudi Njombe, ambako ndiko kwangu.

Bibi Chaula alifariki Agosti 1957. Tulimzika bondeni, juu ya vinyungu. Mama Tumaini aliniinamia kaburini akaninong'oneza, "Huyu tumehakikisha," nami nikaziba uso kwa khanga. Waliotuona walidhani ninalia, na kwa sehemu walikuwa sahihi.

Leo ninapoandika ni Jumatatu, tarehe 4 Julai 1960, nami nina jambo moja la kuungama. Siku ile ya kuwakabidhi ufunguo, nilifika mapema kuliko ninyi. Nilitembea matuta yote ishirini kuyaaga. Katika tuta la chini, karibu na uzio, pale nilipoandika "safi" Aprili 1950, niliona jani dogo lenye adabu. Nikaleta uma. Ilikuwa kamba nyeupe, ndefu kama mkono wangu, yenye vifundo kumi na vinne, na hakuna kilichokatika. Nilifikiri niichukue niende nayo, msije mkasema Mama Bustani aliacha deni. Kisha nikakumbuka kikapu cha Mama Tumaini, nikaona aibu ya kutaka kuficha.

Nimeiacha juu ya mwamba wa kona ya mashariki, mahali pake. Ni Julai, hivyo hesabuni siku ishirini na moja tangu tarehe 30 Juni. Zitatimia Alhamisi, tarehe 21. Asubuhi hiyo, umande ukishakauka, nendeni wote wawili mkaikunje. Ikilia, izikeni chini ya kabichi. Ikipinda, ngojeni.